Kamusi ya asili ya maneno kwenye simu: nimeijaribu na Kwaresima, nyota 3

Nyota 3 tu jamani, na moja kati ya hizo nimewapa kwa ajili ya Kimalta, lugha ya kisiwa cha Malta. Hii programu inayoeleza maneno yametoka wapi niliiweka kwenye simu kwa sababu moja tu, nilitaka kujua mbona sisi tunasema Kwaresima na Waingereza wanasema Lent, hayafanani hata kidogo. Kumbe la kwetu linarudi mpaka Kilatini, Quadragesima, yaani ya arobaini, ndo hilohilo Waitaliano wanaliita Quaresima na Wafaransa wamelikatakata likabaki Carême. Wagiriki nao Sarakosti, arobaini tena. Lent yenyewe wala haigusi mfungo, inatoka Kiingereza cha zamani, lencten, yale majira ya kuchipua siku zikianza kurefuka baada ya baridi, na Mholanzi mpaka leo akisema lente anamaanisha majira tu, mambo ya kanisa hayumo.

Ila kilichonimaliza ni Kimalta. Watu wa Malta ni Wakatoliki na Kwaresima yao wanaiita Randan, hebu litamke kwa sauti... Ramadhani kabisa! Lugha yao ni mtoto wa Kiarabu, dini ikawa nyingine neno likabaki. Halafu Waethiopia wanasema Abiy Tsom, mfungo mkuu, na hiyo tsom ni ndugu wa damu wa saumu yetu hii hii. Hapo nilikaa nabonyeza tu mpaka chaji ikaisha.

Sasa kero. Kiswahili cha humo ndani kimetafsiriwa na mashine, hakuna ubishi, nimechapa Lent ikaniletea "alikopesha" (kwa Kiingereza lent ni pia lend, kukopesha, wakati uliopita), nikacheka peke yangu kama chizi. Ukurasa wa Kwaresima wenyewe una mstari mmoja, "kutoka Kilatini", basi, wakati Kiholanzi kimemwagiwa maelezo mpaka unachoka. Na wameandika siku 46 wakaishia hapo, ni kweli Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni 46 lakini Jumapili 6 hazihesabiwi ndo inabaki 40, sasa mtu asiyejua si ataona jina linadanganya?

Nimewaandikia mara mbili, kimya. Jana nimefungua tena baada ya kuisasisha, Lent bado ni mkopo.