Piracy Shield ya Italia: kasi ipo, umakini bado

Thamani ya mechi iko kwenye zile dakika 90. Filimbi ya mwisho ikishalia, amri ya kufunga mkondo wa wizi, yaani matangazo ya mechi yanayorushwa mtandaoni bila idhini, haiokoi kitu. Kwa hilo, Piracy Shield, mfumo wa Italia wa kufunga haraka mikondo hiyo, inastahili pongezi. Mfumo huu uko chini ya AGCOM, mdhibiti wa mawasiliano wa Italia, kwa Sheria namba 93 ya mwaka 2023. Mwenye haki za matangazo anaingiza jina la kikoa (jina la tovuti) au anwani ya IP (namba ya seva mtandaoni) pamoja na ushahidi. Kampuni za intaneti zina dakika 30 tu kufunga. Kenya, sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2019 inatoa saa 48. Kwa filamu, sawa. Kwa Gor Mahia na AFC Leopards, mashabiki wameshafika nyumbani zamani.

Kasoro kubwa ni kufunga kwa anwani ya IP. Anwani moja ya Cloudflare, kampuni inayopitisha tovuti za wengine kwenye seva zake, hubeba tovuti nyingi mno, na ilipofungwa moja Februari 2024, zisizo na hatia zilizimika nayo. Hata jina la kikoa laweza kufungwa kimakosa: Oktoba 19 mwaka huohuo ikawa zamu ya kikoa cha Google Drive, watu wakashindwa kupakua faili zao wenyewe. Inauma, maana hakuna jaji anayekagua kabla. Aliyeonewa hulalamika baadaye.

Anayetaka kuuiga mfumo huu Afrika Mashariki aanze na majina ya vikoa. Anwani ya IP ifungwe tu ikithibitika haitumiwi na wengine, na ifunguliwe mechi ikiisha.