Kijiko bila maelekezo: uzoefu wangu wa kujitolea nje ya nchi kwenye shule ya watoto wenye mahitaji maalumu

Sitaeleza vyumba vya kulala, usafiri wa kutoka uwanja wa ndege wala ratiba ya matembezi. Hayo yamo kwenye kipeperushi cha wakala, na kwa haki yalikuwa sawa na walivyoahidi. Nimekuja kulalamikia kijiko.

Wakala aliyenipeleka alitupa semina ya siku ya kwanza: salamu za wenyeji, mavazi, utunzaji wa pasipoti, na saa nzima ya kujifunza nyimbo za kuimba na watoto. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, mratibu wao akanikabidhi bakuli la uji mwepesi na kijiko cha chuma, akanielekeza kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyekuwa ameegemezwa kwenye kiti chake huku uso ukitazama dari. Nikauliza ni nani atakayeonyesha namna ya kumlisha, na kama mtoto huyo ana maelekezo yake yaliyoandikwa. Jibu: "Hapa si hospitali. Kulisha mtoto nako kunahitaji masomo?" Akaenda zake kupiga picha.

Kunahitaji! Njia ya chakula na njia ya hewa hupitia koo moja. Mtu akimeza, mlango wa njia ya hewa hujifunga na pumzi husimama kidogo mpaka tonge lipite. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, misuli ya midomo, ulimi na koo mara nyingi huchelewa au hukakamaa. Ukimlaza kichwa nyuma, njia ya hewa inabaki wazi na uji mwepesi unateremka kwa uzito wake kabla koo halijajiandaa. Wapo watakaopaliwa na kukohoa, na hapo angalau utajua. Wapo wasiokohoa hata kidogo. Chakula kinaingia mapafuni kimyakimya, siku zinapita, halafu homa, kifua kinakoroma, nimonia. Kufikia hapo aliyemlisha ameshapanda ndege kurudi kwao akiamini alifanya jambo jema.

Tena watu hudhani chakula chepesi ndicho salama kwa mtoto asiyeweza kutafuna. Kwa wengi wa watoto hawa ni kinyume. Maji na uji mwembamba hukimbia kuliko wanavyoweza kuvidhibiti mdomoni, ilhali chakula laini kilichoshikana, kisichodondoka haraka ukiinamisha kijiko, huwapa muda wa kumeza. Uzito gani hasa? Hilo hupangwa na mtaalamu wa usemi na umezaji kwa kila mtoto peke yake, na ndiyo maana niliuliza maelekezo yaliyoandikwa.

Nilikataa kulisha. Mwalimu msaidizi wa shule, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, alilichukua lile bakuli, na nataka nieleze alichofanya kwa sababu kila hatua ilikuwa na maana.

Kwanza alimsogeza mtoto mpaka makalio yakagusa nyuma ya kiti, akafunga mkanda chini, nyongani. Mkanda ukipanda tumboni mtoto huteleza mbele na mgongo hujikunja. Nyayo akaziweka juu ya kikanyagio, kwa kuwa miguu ikining'inia mwili mzima hukakamaa, koo likiwemo. Akakunja taulo dogo akaliweka nyuma ya kisogo ili kidevu kishuke kidogo. Kisha akaketi kwenye kigoda, macho yake chini kidogo ya macho ya mtoto. Anayelisha akiwa amesimama, mtoto huinua uso kumtazama, na kazi yote ya kumkalisha vizuri inapotea.

Uji akaurudisha jikoni ukaongezwa uzito. Kijiko cha chuma akakiweka kando, akatoa kingine bapa, cha plastiki ngumu. Baadhi ya watoto hawa huuma kwa nguvu kitu kinapogusa meno au ufizi, na hawawezi kuachia kwa hiari. Chuma huumiza meno, na plastiki dhaifu huvunjikia mdomoni. Mtoto akiuma, usivute. Tulia, mwinamishe kichwa mbele kidogo, subiri taya lilegee. Mama yule alichota kama nusu ya kijiko cha chai, akakileta kutoka chini kwa katikati, akakandamiza ulimi kidogo, akasubiri mdomo wa juu ushuke wenyewe ufute kijiko. Hakukwangulia uji kwenye meno ya juu, jambo ambalo hufanywa na karibu kila asiyefundishwa, nalo huinua kichwa cha mtoto papo hapo. Halafu akangoja. Alilitazama koo mpaka likapanda na kushuka, akasikiliza pumzi, ndipo akachota tena.

Dalili alizokuwa akizichunga ndizo wakala alizopaswa kuzibandika ukutani: macho kujaa machozi, sauti kugeuka ya majimaji, pumzi kwenda mbio, midomo kubadilika rangi, mtoto kugeuza uso. Ukiona mojawapo, simama. Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe, wala usimpe maji. Akishindwa kukohoa na kutoa sauti, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5, kisha umminye tumbo juu ya kitovu, ndani na kuelekea juu, mara 5, ukipokezanisha huku mwingine akiita msaada. Kuminya tumbo ni kwa mtoto aliyezidi mwaka 1 tu. Haya hufundishwa kwa mkono, na muda wa kuyafundisha ulikuwepo. Uliliwa na nyimbo.

Baada ya kula mtoto hubaki ameketi kama dakika 30 ili chakula kisirudi juu. Mratibu alitaka walazwe mapema ili "programu ya michezo" ianze kwa wakati. Bado nakasirika nikiandika.

Hapa nilikusudia kumalizia kwa kusema msiende, kaeni kwenu. Siwezi, kwa sababu hesabu ya shule ile inasema jambo jingine. Mtoto mmoja huchukua nusu saa kulishwa kwa usalama. Chukua watoto 8 na watu wazima 2, unapata saa 2 za mlo mmoja. Hakuna ratiba ya shule inayobeba hilo, kwa hiyo hata mtu mwenye ujuzi anaanza kuharakisha, na haraka ndiyo inayopalia watoto. Jozi moja ya mikono iliyofundishwa inabadilisha mlo mzima. Shule yenyewe ilikuwa na watu wanaoijua kazi: watoto wenye usonji walikuwa na ratiba za picha zilizopangwa kwa mfuatano, na picha ya jambo lililokwisha ilitolewa kabla ya kuanza lingine, ili mtoto aone mabadiliko yanakuja. Mtoto asiyesema alikuwa na ubao wake wa picha za kuonyeshea anachotaka kusema, nao ulimfuata hadi mezani. Wanaojitolea wanahitajika pale. Kwa kweli wanahitajika sana, na hilo ndilo linalofanya uzembe wa wakala uwe mbaya zaidi.

Maana wakala anauza wiki mbili. Wiki mbili ni muda wa kuanza tu kutambua kwamba mtoto huyu akikaza kidole gumba anataka kupumzika, na yule akifumba macho ameshiba. Ukishaanza kuelewa, unaondoka, anakuja mwingine anayeanza sifuri, na mtoto anajifunza upya mkono wa mgeni mdomoni mwake. Kwa mtoto mwenye usonji, sura zinazobadilika kila mara zinavuruga ratiba ambayo walimu wameijenga kwa miezi. Muhula mzima ndio kipimo cha chini cha kazi ya kumgusa mtoto. Mwenye wiki mbili afue vitambaa vya kulia, azifunike picha za ratiba kwa plastiki, akaze skrubu za vikanyagio vya viti, apange stoo. Kazi hizo zipo, zinahitajika, na hazimhatarishi mtu.

Na zile picha. Watoto wakiwa na vitambaa shingoni, uji kidevuni, midomo wazi, wakawekwa kwenye matangazo ya kutafuta wateja wapya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 22, unalinda faragha yao kama ya mtu mwingine yeyote. Ruhusa ya mzazi sikuona ikiombwa, na hakuna aliyemwuliza mtoto mwenye ubao, ingawa picha ya "hapana" ilikuwepo na aliijua vizuri. Wakala huyohuyo hakunidai hata hati ya polisi ya mwenendo mwema. Mgeni asiyejulikana anaachwa na watoto wasioweza kusema walichotendewa, na kilichokaguliwa ni malipo tu!

Kwa hiyo huduma ya wakala naipa sifuri, vyumba safi au visiwe safi. Mwenye nia aiandikie shule moja kwa moja. Ataje ujuzi alionao na miezi anayoweza kukaa, na aambatanishe hati ya polisi bila kungoja kudaiwa. Aulize ubalozi kama viza ya utalii inaruhusu kujitolea, kwa sababu katika nchi nyingi hairuhusu, na atakayebeba lawama ni yeye na shule. Aombe kuonyeshwa maelekezo ya kulisha ya kila mtoto atakayemshughulikia, na mpango wa wenye kifafa: dawa gani, nani anaitoa, na kwamba degedege likifika dakika 5 ambulansi inaitwa. Aombe pia siku za mwanzo awe mtazamaji tu mezani, kisha alishe huku mwalimu akimsimamia, na aachwe peke yake pale mwalimu atakaporidhika.

Shule ikikubali masharti hayo, nenda. Ile ya kwangu ingeyakubali yote, na nikipata muhula mzima nitairudia, bila wakala.