TAHADHARI: Fremu "ya kaboni" na waya "wa shaba" wa droni vinavyoletwa Lamu kwa basi

Assalamu aleikum ndugu zangu wa Lamu, Malindi na mwambao wote. Naandika kwa sababu wiki hii vijana wawili wameniuliza kuhusu muuzaji yule yule aliyenila mimi, na mmoja wao alikuwa na simu mkononi, tayari kutuma pesa. Jina lake silitaji. Nimeshaandikisha polisi na namba ya OB ninayo, hayo yatakwenda kwa njia yake. Ninachotaka ni mtu mwingine asinunue mzigo huu, na aliyekwisha kuununua asiurushe juu ya vichwa vya watu.

Mimi hupiga picha za harusi na mashindano ya jahazi. Nilitaka droni ya kuunda mwenyewe, maana ikivunjika mkono unabadilisha mkono, hununui nyingine nzima. Nikaona ukurasa unaouza seti: fremu ya nyuzi za kaboni ya kubeba rafadha za inchi 7, mita mbili za waya wa silikoni geji 12 (geji ni kipimo cha unene, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba), plagi za XT60 za kuunganisha betri na skrubu zake. Shilingi 17,800. "Imebaki moja tu kaka, na kuna mtu wa Kilifi anaitaka." Nilipoingiza namba, M-Pesa ikanionyesha jina la mtu, si la duka. Nikamuuliza. "Huyo ndiye mhasibu wetu." Nikatuma zote kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, na wewe usimame hapo.

Mzigo ulishuka Mokowe na basi, nikavuka kwa boti kuuchukua. Kwa macho haukuwa na kasoro. Fremu nyeusi inayong'aa, na waya mwekundu na mweusi mnene, laini mkononi, umechapwa "12AWG" kila baada ya sentimita chache. Nikalehemu usiku kucha.

Asubuhi baada ya sala nikaenda ufuoni Shela, maji yametoka, hakuna mtu. Iliruka. Ikasimama mita nne juu, imetulia, nikafurahi. Kisha nikaielekeza kwenye upepo wa kusi na kuongeza nguvu. Haikumaliza dakika. Taa zilizimika zote kwa pamoja, rafadha zikasita, ikaanguka kama nazi. Nilipofika pale waya wa betri ulikuwa umechomoka kwenye plagi kama jino la maziwa, na plagi yenyewe imelegea kwa joto. Betri ilikuwa imeanza kuvimba tumbo. Niliifukia kwenye mchanga, nikakaa mbali nayo kwa muda mrefu. Na siku nne mbele nilikuwa na harusi, akina mama na watoto wamejaa uani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo, kuliko hizo pesa.

Nikampelekea ami yangu, fundi wa mashine za boti Langoni. Alichukua kipande cha waya, akakikuna kwa wembe taratibu. Juu rangi ya shaba, chini yake nyeupe. "Mwanangu, hii si shaba. Hii ni alumini iliyopakwa shaba." Akakata unyuzi mmoja akauweka kwenye moto wa kibiriti cha gesi. Ulijikunja ukawa kitone. Unyuzi wa shaba tuliouchukua kwenye waya wa zamani wa boti uliwaka mwekundu ukabaki umenyooka. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, shaba mpaka ipite 1,080, ndiyo sababu.

Tahadhari hapa, wengi huchanganyikiwa: kuna waya mzuri wa shaba ambao nyuzi zake ni nyeupe kwa nje, kwa kuwa zimepakwa bati ili zisile kutu. Huo ukiukuna unakuta wekundu ndani. Wa kukimbia ni ule wenye wekundu nje na weupe ndani.

Wizi wa pili ulikuwa ndani ya ganda. Waya wa silikoni wa geji 12 kwa kawaida huwa na nyuzi 680 nyembamba mno, za milimita 0.08 kila mmoja. Tulikaa mimi na ami tukazihesabu juu ya karatasi nyeupe. Hazikufika 260. Hiyo ni geji 16, wamevalisha ganda nene ili ionekane 12. Na ganda lenyewe si silikoni. Silikoni ukiigusa kwa pasi ya kulehemu haiyeyuki, inavumilia nyuzi joto 200. Hili lilinyauka likanuka plastiki.

Hesabu yake ni hii, na ningeomba kila anayeunda droni aifanye kabla ya kununua waya. Chukua sentimita 40 za waya, kwenda na kurudi, na ampea 40 ambazo mota nne huweza kuvuta ukipambana na upepo. Shaba halisi ya geji 12 itapoteza kama wati 3 tu kwa joto. Ule niliouziwa unapoteza kama 13, na karibu theluthi ya volti moja inapotea njiani. Ukielea tu bila upepo, droni haivuti hata ampea 20, kwa hiyo mezani na kwenye uwanja uliotulia kila kitu kinaonekana sawa. Ndipo muuzaji anakutumia video yake ikielea chumbani na unamwamini. Isitoshe, alumini haishiki risasi ya kulehemu. Inashika ile ngozi ya shaba tu, na joto likizidi kiungo kinaachia. Na sisi tunaishi na hewa ya chumvi: shaba na alumini zikigusana penye unyevu wa bahari, alumini huliwa. Hata kama droni isingeanguka leo, ingeanguka baada ya miezi michache.

Fremu sasa. Ami alipiga msasa ukingo wa mkono mmoja, vumbi likatoka jeupe, na vidole vikaanza kuwasha. Kila mtu wa hapa aliyewahi kutengeneza boti anaijua ile washo. Ilikuwa faiba, yaani nyuzi za kioo, iliyotiwa rangi nyeusi. Vumbi la kaboni ni jeusi. Kipimo cha uhakika zaidi ni maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme: kaboni inapitisha umeme, faiba haipitishi. Weka ncha mbili kwenye ukingo uliokatwa, si juu ya uso, kwa sababu resini (gundi) ya juu inaweza kuzuia. Kaboni itakupa namba ndogo ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Yangu haikuonyesha kitu kabisa.

Faiba si haramu. Ila mkono wake unapinda zaidi, na mota zikizunguka mtetemo unapanda mpaka kwenye kamera, picha inacheza kama uso wa maji kwenye ndoo. Niliiona kwenye zile sekunde chache nilizorekodi kabla haijaanguka: ukingo wa kilima cha mchanga unayumba. Ukitaka kuanza kwa gharama nafuu, bora fremu ya plastiki ngumu ya aina ya F450, mikono yake ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo na inasema hivyo waziwazi. Hapo angalia sahani ya chini, maana ndiyo inayogawa umeme kwa mota zote, na kwenye nakala za bei rahisi tabaka la shaba laweza kuwa jembamba. Na ukipata kaboni ya kweli kumbuka kuwa inapitisha umeme: ukingo wake mkali ukikwaruza ganda la waya unapata shoti. Vika waya soksi (ala ya kuulinda usikwaruzwe), lainisha kingo kwa msasa, na antena iwe nje ya fremu.

Nilimrudia muuzaji kwa adabu, nikamtumia picha za waya uliokunwa. Jibu la kwanza: "Umeunganisha vibaya wewe." La pili: nitume 1,500 zaidi za kurudishia mzigo ndipo anirejeshee pesa. Sikutuma. Siku ya pili nilikuwa nimefungiwa WhatsApp. Yule kijana mmoja wa wiki hii alinionyesha ukurasa wenye jina jingine, lakini picha za bidhaa zimepigwa juu ya sakafu ile ile ya marumaru ya rangi ya damu ya mzee, kigae cha kushoto kimemeguka pembe. Mwangalie kigae hicho.

Jambo jingine ambalo muuzaji huyo alikuwa akiwaambia watu, na ni uongo mtupu: kwamba droni ya kujiundia haihitaji kusajiliwa. Kanuni za mwaka 2020 za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, hazimwachi mtu kwa sababu ameunda mwenyewe. Usajili unahitajika, mpaka wa juu ni futi 400, na sisi wa Lamu uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo ya mkondo tu. Uliza ruhusa kwanza.

Kama tayari una seti hii nyumbani, usiiunganishe moja kwa moja na betri. Kuna ujanja wa zamani: unganisha balbu ya gari ya volti 12, wati 21, katikati ya waya mmoja wa betri ya seli tatu. Balbu ikimetameta kidogo kisha ikazima, uko salama kuendelea. Ikiwaka na kubaki imewaka kuna shoti, chomoa. Lakini jueni kwamba balbu haitakwambia kama waya ni alumini. Hilo ni la wembe na kiberiti peke yake, kabla ya kulehemu.

Plagi nazo, XT60 halisi ina jina la AMASS, kampuni inayoitengeneza, limechongwa kwenye mwili wake, ingawa siku hizi hata jina huigwa. Kipimo changu ni kuilehemu ya kwanza ikiwa imechomekwa kwenye mwenzake: ya nailoni nzuri inabaki na umbo lake, zile nilizouziwa pini zilizama upande.

Vipande vya waya, ule mkono wa fremu uliopigwa msasa na plagi iliyoyeyuka vyote viko kwenye karakana ya ami, pale Langoni. Aliyenunua popote na ana shaka alete chake, baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi mimi huwa pale. Wembe upo, maltimita ipo, hatutozi kitu. Wa Malindi nitumieni picha ya waya uliokunwa, kwa karibu na kwenye mwanga wa jua, nitajibu kila mmoja.