Kesi au sheria: mawakili wa haki Bukavu waanzie wapi?

Kikundi cha utetezi cha Bukavu, mashariki mwa Kongo, chenye mawakili wachache huvutwa pande mbili: kupeleka kesi mahakamani, au kudai sheria mpya Kinshasa.

Kesi ina uso wa mtu. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliketi Kavumu kwenyewe, karibu na Bukavu, palipotendeka uhalifu, ikawahukumu wanaume 11, akiwemo mbunge wa jimbo, kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu: ubakaji wa watoto wadogo na mauaji. Kazi hiyo ni nzito kweli: vyeti vya daktari, kuwalinda mashahidi, maneno ya watoto kurekodiwa kwa video ili wasisimulie tena mbele ya watuhumiwa. Na ukishinda, kulipwa fidia ni vita nyingine.

Sheria hugusa wengi zaidi. Ile ya Julai 2022 ya kulinda haki za Mbilikimo ilidaiwa miaka mingi. Lakini mama Mtwa, yaani Mbilikimo, wa Kalehe, ambaye wazazi wake walifukuzwa kwenye msitu wa Kahuzi-Biega, atamsikia nani akimweleza sheria hiyo?

Pesa zikiwa kidogo, mimi ningeanza na kesi. Familia za Kavumu zisingeweza kungoja kikao cha bunge.