Amri ya date kwenye Linux: inasoma mengi, lakini ipime kwanza

Kwa kutoa tarehe, date ya GNU (toleo linalokuja na Linux nyingi) haina mpinzani: `date +%F` inakupa 2024-05-10, na `%-d` inaondoa ile sifuri ya mbele. Hapo hakuna la kulalamikia.

Shida iko kwenye kusoma tarehe unayoipa kwa `-d`. Ukiiandikia `date -d "03/04/2024"` inaelewa Machi 4, Kimarekani, bila kukuonya. Ajabu ni kwamba 13/04/2024 inaikataa, kwa hiyo skripti yako itafanya kazi hadi tarehe 12 kisha ianguke. Ipe mwaka-mwezi-siku, basi. Na `date -d ""` haileti kosa: inarudisha saa sita usiku ya leo. Kigeu kikiwa kitupu, hutajua.

Mtego mbaya zaidi ni huu. Kompyuta ikiwa kwenye saa za Nairobi, jaribu:

`date -d "2024-05-10 10:00 +3 hours"`

Unatarajia 13:00, inakuja 11:00. Ile +3 imechukuliwa kuwa ukanda wa saa, na "hours" iliyobaki ikahesabiwa saa moja tu. Taja kwanza ukanda wa Nairobi, `10:00 +0300 +3 hours`, na jibu linanyooka. Ukiongeza `--debug` itakueleza ilivyosoma kila kipande. Chaguo hilo pekee linatosha kuipenda.

Vipimo vya lazima: 2024-02-30 (date inapaswa kuikataa), na 2024-01-31 +1 month, inayotoa Machi 2. Kwenye Mac, `-d` hii haipo. Huko ni `-j -f`.