Mkopo wa Bodi baada ya mageuzi: kulipa kumekuwa nafuu, kuupata bado ni kazi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, ambayo kila mtu huiita Bodi tu, inatoa huduma yenye milango miwili: wa kuingilia, unapoomba, na wa kutokea, unapolipa. Mageuzi yaliyoanza mwaka 2021 yameupanua sana mlango wa kutokea. Ule wa kuingilia uko mtandaoni, lakini upana wake ni ule ule, na anayekwama hapo mara nyingi ndiye yule yule ambaye mkopo uliwekwa kwa ajili yake.

Tuanze na deni, maana huko ndiko kwenye habari njema. Hadi katikati ya 2021 kila mnufaika alikuwa akitozwa asilimia 6 kwa mwaka kwenye salio lake, ile iliyoitwa tozo ya kulinda thamani ya mkopo. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta kwenye Mei Mosi ya mwaka huo jijini Mwanza, na ikafutwa kuanzia tarehe 1 Julai. Adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa nayo ikaondolewa. Ukisikia asilimia 6 unaweza kudhani ni kitu kidogo, kwa hiyo chukua kikokotoo. Mtu anayedaiwa shilingi milioni 15 na mwenye mshahara wa msingi wa 480,000 anakatwa asilimia 15, yaani 72,000 kwa mwezi, 864,000 kwa mwaka. Tozo ya asilimia 6 kwenye milioni 15 ni 900,000. Alikuwa akikatwa miezi yote 12 bila kuruka hata mmoja, na mwisho wa mwaka deni limeongezeka kwa 36,000. Leo makato hayo yanaingia kwenye mkopo wenyewe, na mtu huyo, hata asipoongezwa mshahara, anamaliza kwa miaka 17 na miezi kama minne. Ni mingi mno, lakini zamani asingemaliza kabisa. Kilichobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1, inayotozwa mara moja.

Kiwango cha makato ndicho hakikuguswa. Marekebisho ya sheria ya 2016 yalikitoa kwenye asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi, na hapo ndipo kilipo. Chukua mtumishi wa umma anayeanza na 800,000. Mfuko wa pensheni, PSSSF, unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, ambayo ni 24,000. Kodi ya mshahara, ikipigwa kwenye 760,000 zilizobaki baada ya pensheni, ni 68,000. Bodi inachukua 120,000, kuliko kodi, kuliko pensheni, karibu sawa na hivyo vitatu vingine ukivijumlisha. Anabaki na 548,000 kabla hajagusa mkopo wa benki wala mchango wa chama cha wafanyakazi. Anayejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato au si chini ya 100,000 kwa mwezi, na hapa utaratibu unaonekana umeandikwa na mtu aliyezoea watu wenye hati ya mshahara. Mhitimu anayeuza vifaa vya simu mtaani ana mwezi wa 600,000 na mwezi wa 150,000. Kima kisichopanda wala kushuka hakimfai, naye huishia kutolipa kabisa. Muda wa kusubiri ni miezi 24 tangu kumaliza masomo. Muda huo ukiisha, usikae ukisubiri ufuatwe kwa sababu huna mwajiri.

Mwenye mwajiri naye asilale. Mwajiri anakata na kupeleka, na kati ya kukata na kupeleka ndipo mambo huharibika: jina limekosewa, namba ya mtihani si yenyewe, au fedha zimekatwa zikabaki ofisini. Linganisha hati ya mshahara na taarifa ya deni kila baada ya miezi michache. Na salio likifika sifuri omba cheti cha kumaliza mkopo, ukipeleke kwa mhasibu wako mwenyewe. Ukitegemea makato yajizime, unaweza kujikuta unadai badala ya kudaiwa, na kurudishiwa fedha si safari fupi.

Sasa upande wa kuingilia. Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa OLAMS, olas.heslb.go.tz, na ada ni 30,000 isiyorudi hata ukikosa. Unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu kupitia malipo ya serikali au benki, kisha unaendelea kujaza. Kwa familia iliyo kwenye kaya za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, 30,000 ni fedha inayopatikana kwa kuuza kuku. Haieleweki kwa nini mwombaji ambaye serikali yenyewe imekwisha kumtambua kuwa ni maskini, na namba ya kaya anayo, bado analipia kuomba msaada aliowekewa yeye. Katika mageuzi yote, hili ndilo lingekuwa rahisi kurekebisha, na halijarekebishwa.

Kabla ya kugusa OLAMS, shughulikia vyeti. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa Bara, au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa Zanzibar. Aliyefiwa na mzazi anahakiki na cheti cha kifo pia. Uhakiki hautoki siku hiyo hiyo, na dirisha la mkopo likishafunguliwa nchi nzima inagombania foleni moja. Anayeanza mara tu baada ya mtihani wa kidato cha sita, mwezi Mei, anapata nafasi ya kurekebisha kasoro. Kasoro yenyewe karibu kila mara ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Juma Hamisi, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi J. Hamis, kitambulisho cha NIDA kina la tatu. Kwa mwalimu aliyeandikisha darasani hao ni mtu mmoja. Kwa mifumo inayosomana yenyewe ni watu watatu. Rekebisha kule kosa lilikoanzia, usijaribu kulifunika kwenye fomu.

Kosa la pili kwa ukubwa ni namba ya mtihani. Mkopo unafuata namba ya kidato cha nne, kwa mtindo wa S0000/0000/2021, na namba hiyo lazima iwe ile ile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani ana mbili. Akiomba chuo kwa ya kwanza na mkopo kwa ya pili, Bodi inaona mwombaji asiye na chuo, na chuo kinaona mwanafunzi asiye na mkopo. Hakuna mtu aliyemnyima, hajulikani tu.

Ukimaliza kujaza, unachapisha fomu na mkataba. Unasaini wewe, anasaini mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji inagonga mhuri (Zanzibar ni sheha), kisha wakili, hakimu au kamishna wa viapo. Baada ya hapo unaskani kurasa zilizosainiwa, unazipandisha tena kwenye mfumo, na unabonyeza kutuma. Kila hatua hapo ina maradhi yake. Mhuri unapigwa juu ya maandishi, hausomeki. Ukurasa unapigwa picha kwa simu chini ya mwembe, nusu yake kivuli. Mwombaji anapandisha kurasa zote, anafunga kompyuta, hajabonyeza kutuma. Anadhani amemaliza, na kwenye mfumo ombi lake halijakamilika. Rudi ndani ya akaunti uone hali ya ombi inasomekaje kabla hujaondoka kwenye kiti.

Kiti hicho, kwa wengi, kiko steshenari. Anayejaza ni kijana wa steshenari, ambaye siku hiyo amejaza fomu 20, na ili aende haraka anaweka barua pepe yake na namba ya simu ya dukani. Majina yakitoka, ujumbe unakwenda kwake. Nenosiri likisahaulika, la kurejeshea linakwenda kwake. Usikubali. Barua pepe yako, laini yako ya simu, na nenosiri uliandike mwenyewe kwenye daftari, kwa sababu akaunti hiyo utaitumia miaka mitatu, minne au mitano, na baadaye tena wakati wa kulipa.

Upimaji wa uhitaji unaangalia vitu vinavyoonekana kwenye karatasi: yatima, mlemavu au mtoto wa mzazi mlemavu, kaya ya TASAF. Ulemavu unathibitishwa kwa fomu ya mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Mtego uko kwa waliosoma shule za binafsi. Mfumo ukiona shule yenye ada kubwa unahesabu kwamba nyumbani kuna uwezo. Kama ada ililipwa na kanisa, msikiti, shirika au mjomba, pata barua au fomu ya udhamini kutoka kwa aliyelipa, na uipate kabla dirisha halijafungwa. Mtoto wa mkulima aliyefadhiliwa na masista hunyimwa mkopo kwa sababu masista walimfadhili. Hapo upimaji bado ni butu, na rufaa haisaidii kitu kama hukuleta ushahidi mpya. Kuandika maelezo marefu ya shida za nyumbani bila karatasi hakubadilishi uamuzi.

Majina yanatoka kwa awamu, na unayaona kwenye akaunti yako binafsi ya mkopo, SIPA. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja asitegemee awamu ya kwanza mpaka athibitishe chuo kimoja kupitia utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa sababu fedha inafuata chuo kilichothibitishwa. Anayehama chuo baadaye, mkopo nao lazima uhamishwe; anaweza kukaa muda mrefu darasani kwenye chuo kipya huku fedha yake ikisomeka kwenye cha zamani.

Kuhusu fedha yenyewe, bajeti ya mikopo imetoka bilioni 464 mwaka wa masomo 2020/21 hadi bilioni 787 mwaka 2024/25. Kuanzia 2023/24 wanafunzi wa stashahada za fani za kipaumbele, kama afya, ualimu, kilimo na madini, nao wamefunguliwa. Kwa waliofaulu juu kabisa kwenye tahasusi za sayansi kuna Samia Skolashipu, iliyoanza 2022/23, ambayo ni ruzuku, hairudishwi. Ukiwa nayo kwenye uwezo wako usikimbilie mkopo kwanza.

Bumu, fedha ya chakula na malazi, ilipanda mwaka 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Inatolewa kwa mafungu ya takriban miezi miwili, kwa hiyo fungu la siku 60 ni 600,000. Inatosha kula kwa hesabu. Tatizo ni mpangilio wake. Mwenye nyumba karibu na chuo anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla ya kukupa ufunguo. Tuseme chumba ni 70,000: hiyo ni 420,000 inayotakiwa wiki ya kwanza, wakati bumu la mwaka wa kwanza haliji mpaka usajiliwe, akaunti ya benki ithibitishwe, uchukuliwe alama za vidole na usaini. Mzazi anayeambiwa mtoto amepata mkopo asilimia 100 asimwachie aende na nauli tu. Ampe fedha ya mwezi mmoja na ya kuanzia chumba, la sivyo mtoto ataanza chuo kwa kukopa kwa wenzake.

Kusaini kwa alama za vidole, mfumo wa DiDiS, ndiko mageuzi yalikofanya kazi nzuri kuliko kote. Foleni za karatasi nje ya ofisi ya afisa mikopo zimepungua, na mtu hasainiwi na mwenzake tena. Ila fedha isiyosainiwa inarudi Bodi, na kuidai upya ni barua juu ya barua. Akaunti iwe kwa jina lako kamili kama lilivyo kwenye mfumo, na iwe hai. Akaunti iliyofunguliwa kidato cha tatu ikaachwa inalala, na benki inarudisha fedha bila kukupigia simu.

Anayeendelea na masomo haombi upya kila mwaka, lakini fedha yake inategemea chuo kupeleka matokeo. Chuo kikichelewa, darasa zima linakaa bila bumu na kuilaumu Bodi, ambayo safari hiyo haina kosa. Kabla ya kwenda kulalamika, uliza dawati la mikopo la chuoni kama matokeo ya mwaka wako yameshapelekwa na jina lako limo. Mwenye mtihani wa marudio, aliyeahirisha mwaka au aliyebadili programu aulize mapema zaidi, kwa maandishi, abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.