Kichwa cha kilo mbili na nusu: uzoefu wangu baada ya kuachana na amplifaya ya valvu

Niseme msimamo wangu mapema, asiye na muda aishie hapa: wapiga besi wenzangu, kichwa kizito (yaani amplifaya isiyo na spika ndani yake) kiuzeni wala msigeuke nyuma, ila boksi la spika msilikimbilie kuliuza. Kila mjadala wa vyombo vyepesi ukianza, hivi viwili hutiwa kapu moja. Mmoja anasifia, mwingine analaani, kumbe wa kwanza kabadilisha kichwa tu na wa pili kabadilisha kila kitu kwa mpigo.

Nilikotoka ni kwenye kichwa cha valvu, zile taa za kioo za kukuzia sauti, cha wati 300 na boksi la spika nane za inchi 10. Anayevijua vyombo hivyo mgongo wake umeshaitikia. Kichwa peke yake kinakaribia kilo 40, na boksi linapita kilo 60. Halibebwi na mtu mmoja, na kwenye ngazi hata wawili hutazamana kwanza. Nilipo sasa ni kwenye kichwa cha daraja D, aina nyepesi ya amplifaya nitakayoieleza hapa chini, cha wati 500, kinachoingia kwenye mfuko wa gitaa pamoja na kebo, na maboksi mawili yenye spika moja moja ya inchi 12, kila moja kama kilo 13. Mkono wa kushoto boksi, wa kulia boksi, gitaa mgongoni, safari moja kutoka kwenye gari.

Chapa ya kichwa changu siitaji kwa kuwa haibadilishi sana haya ninayoyaeleza. Makampuni mengi hununua moduli ya nguvu, yaani bodi iliyo tayari ya kukuza sauti, kwa watengenezaji wachache, kisha kila moja hujenga mbele yake sehemu yake ya kuchonga sauti. Ukivifungua vichwa vitatu vya majina tofauti, usishangae kukuta moyo ni ule ule.

Vyombo vizito navyo havikutengenezwa kwa ukorofi. Kampuni ya Ampeg ilipotoa kichwa chake cha valvu cha SVT mwaka 1969, na The Rolling Stones wakaenda nacho kwenye ziara yao ya Marekani mwaka huo huo, mitambo ya kumbi ilikuwa hasa ya kupitishia sauti za waimbaji. Besi ililazimika kumfikia mtu wa nyuma kabisa ikitokea jukwaani. Siku hizi ukumbi wenye mitambo ya maana una spika zake za masafa ya chini, fundi mitambo anavuta besi kwa waya kutoka nyuma ya kichwa changu hadi kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, na kazi iliyobaki kwa amplifaya yangu ni kunisikilizisha mimi na mpiga drams. Kwa kazi hiyo, kilo mia ni nyingi mno.

Uzito wa kichwa cha zamani ulikuwa umekaa wapi? Kwenye transfoma. Umeme wa ukutani huja kwa hezi (mitetemo kwa sekunde) 50 au 60, na transfoma ya kuhudumia mwendo huo wa polepole inataka chuma kingi na shaba nyingi. Kichwa cha valvu kinazo mbili kubwa, moja ya kupokea umeme na nyingine ya kutoa sauti kwenda kwenye spika. Vichwa vya sasa hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde kabla ya kuupitisha kwenye transfoma, na kadiri mwendo unavyopanda ndivyo transfoma inavyopungua, mpaka ikaenea kiganjani. Upande wa sauti, daraja D linafanya jambo la aina hiyo hiyo: transista zake ama zimefunguka kabisa ama zimefunga kabisa, mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kisha koili na kapasita huyachuja yale makato ikabaki sauti. Kwa kuwa transista hazikai nusu nusu, umeme unaopotea kuwa joto ni mdogo. Ufanisi wake unafika asilimia 90 hivi. Yale mapande ya alumini ya kupozea, yaliyojaa kwenye amplifaya za transista za zamani, sasa yanatosha madogo tu.

Kwa hiyo zile kilo thelathini na kitu nilizoziacha hazikuwa zikipiga besi.

Ladha ya valvu ipo, sibishani na mtu. Swali linaloulizwa kila mara ni kama wati 500 hizi zinafikia wati 300 za valvu. Kwenye karatasi zinazidi. Kwenye mazoezi ya mwanzo nilizihisi zimepungua, na sababu ninaijua. Valvu ukiisukuma kupita kiwango chake haikatai ghafla: inaibana sauti, inaongeza ukwaruzo mtamu, na sikio linausikia ukwaruzo huo kama nguvu. Mpiga besi wa valvu huishi huko juu ya kiwango bila hata kujua. Daraja D linakwenda safi hadi mwisho, kisha kidhibiti cha ndani kinashika na sauti inagoma kupanda. Dawa yangu imekuwa pedali ya ukwaruzo iliyofunguliwa kidogo sana, kiasi kwamba aliyekaa mbele haigundui, pamoja na kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa zisizidiane sana na ndogo. Tangu hapo mpiga drams wetu hajaniuliza tena kama nimewasha.

Kuna na hesabu ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, ambayo wauzaji hawaipendi. Kuongeza wati maradufu kunakupa desibeli 3 tu. Sikio linataka kama desibeli 10, yaani wati mara kumi, ndipo lione sauti imekuwa mara mbili. Anayekosa usingizi akichagua kati ya kichwa cha wati 500 na cha wati 800 anagombania desibeli 2. Hela hizo zipelekwe kwenye spika.

Na kwenye spika ndipo fizikia inapokataa kubembelezwa. Ipo kanuni yenye jina la Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH: unataka boksi dogo, unataka besi ya chini kabisa, unataka sauti kubwa kwa wati chache, chukua mawili, la tatu utalikosa. Maboksi mepesi ya leo hayajaivunja kanuni hiyo. Yamepunguza kilo kwa njia nyingine. Sumaku za neodimi, zilizopatikana miaka ya 1980, zina nguvu kiasi kwamba kipande kidogo kinafanya kazi ya donge kubwa la feraiti, sumaku ya spika za kawaida. Mbao nazo ni plaiwudi nyembamba yenye mihimili ndani ili kuta zisitetemeke. Hayo ni mapunguzo ya halali, sauti haipotezi chochote. Lakini ukubwa wa boksi ukipunguzwa, lazima kitu kilipwe, na siku hizi kinacholipwa ni wati. Wati za daraja D hazina uzito, basi mtengenezaji anazimwaga kwenye boksi dogo lisilo na ufanisi mkubwa na mambo yanakwenda. Mpaka pale yanapogoma.

Kabla sijafika hapo, niondoe dhana moja. Wengi tunaamini boksi la spika nane lilikuwa likitoa besi ya chini kuliko yote. Waya wa E, ule mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne, ukiachwa wazi hutoa hezi 41. Boksi la Ampeg la spika nane, kwa vipimo vya mtengenezaji mwenyewe, linaanza kushuka kwenye hezi 58, na likifika hezi 40 limeshuka desibeli 10. Tulichokuwa tukikisikia kwa sehemu kubwa ni masafa yanayopanda juu ya ile E, na ubongo ukatujazia ya chini. Ukubwa wa boksi lile ulitupa vitu vingine: koni nyingi (zile sahani za spika zinazotetemeka) zinazosukuma hewa bila kutoka jasho, na mnara mrefu ambao spika zake za juu zinakutazama usoni. Boksi langu la inchi 12 likikaa sakafuni linayapigia magoti yangu, na magoti hayana masikio. Nikiliinua juu ya kiti najisikia vizuri, ila besi ya chini inapungua, maana sakafu huwa inayasaidia masafa hayo. Likiwa peke yake sasa nalilaza kidogo kwa nyuma, upande wa mbele ukiegemea kipande cha ubao. Lipo chini, linanitazama.

Boksi moja, kwa bendi yenye mpiga drams wa mkono mzito na mitambo isiyochukua besi, halitoshi. Koni inafika mwisho wa mwendo wake na kila ukigonga E inatoa mlio wa kupasuka. Halafu kuna jambo ambalo matangazo huliandika kwa herufi ndogo: zile wati 500 hupatikana kwenye mzigo wa omu 4, omu ikiwa kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme. Boksi moja la omu 8 hupata karibu nusu yake. Ukiunga la pili la omu 8, kichwa kinaona omu 4, kinafungua mkono, na eneo la koni nalo limekuwa maradufu. Kwenye masafa ya chini faida ya vyote viwili inakaribia desibeli 6, na hiyo utaisikia kifuani. Yapange moja juu ya jingine, usiyaweke ubavu kwa ubavu. La juu linafika karibu na sikio na sauti inatawanyika vizuri kwa wenzako walio pembeni. La tatu usiunge kabla hujasoma nyuma ya kichwa: maboksi matatu ya omu 8 yanashusha mzigo hadi omu 2.7 hivi, na vichwa vingi vidogo mwisho wao ni 4.

Kitu kimoja kidogo kilichonisaidia kuliko nilivyotarajia ni kichujio cha kukata masafa yaliyo chini ya hezi 35 au 40. Vichwa vingine vinacho, kwingine unanunua pedali. Huko chini boksi dogo halitoi sauti ya maana, koni inatupwa mbele na nyuma bure. Ukikata, spika inapumua na unaweza kupandisha sauti zaidi. Mwenye besi ya nyuzi tano atataka kushuka mpaka 30, kwa sababu waya wa B ni hezi 31.

Kero zipo. Kichwa cha kilo mbili na nusu juu ya boksi linalotetemeka hutembea, na kebo nzito ya spika ikikivuta kwa nyuma kinaanguka kweli. Kipande cha mpira cha sentimita chache chini yake kinamaliza tatizo. Feni ya kichwa changu inasikika kwenye chumba cha kurekodia, jukwaani haina habari. Nobu zimebanana, na gizani vidole vyangu hugusa ya jirani. Kubwa kuliko zote ni matengenezo: kichwa cha valvu fundi yeyote mwenye uzoefu anakifungua, anaona, anabadilisha. Hiki cha sasa vipuri vyake ni punje zilizogandishwa na mashine kwenye bodi, na sehemu ya nguvu ikifa kwa kawaida hubadilishwa moduli nzima, kama ipo. Ndiyo maana kwenye mkoba wangu ninabeba kisanduku cha kuunganishia besi moja kwa moja kwenye mikisa. Kichwa kikizima katikati ya wimbo, shoo inaendelea.

Kwa upande wa pili, kichwa cha daraja D ninaweza kukiwasha nyumbani bila spika na kufanya mazoezi kwa hedifoni usiku. Cha valvu ukikiwasha bila kukiunganisha na spika unaiweka transfoma yake ya kutolea sauti hatarini.

Nje, kwenye uwanja mpana usio na kuta, mitambo ikiwa midogo, nakiri lile boksi kubwa ninalitamani. Ule upepo unaotikisa suruali nyuma ya mapaja, maboksi yangu mawili hayautoi. Kama bendi yenu huishi kwenye majukwaa ya namna hiyo na kuna watu wa kubeba, sioni sababu ya kuhama. Wala mtu ambaye sauti yake nzima ni valvu iliyosukumwa hadi kukwaruza hatapata raha huku. Pedali zinaigiza vizuri, hazifiki pale pale.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakaacha amplifaya kabisa: pedali inayoiga kichwa na boksi, waya hadi kwenye mikisa, visikizio masikioni. Nimepiga hivyo. Kwa bendi ambayo wote wamevaa visikizio na fundi mitambo ni makini, inafaa, na jukwaa linakuwa safi ajabu. Ila mpiga drams asiye na visikizio anabaki yatima, na ukumbi usio na spika za masafa ya chini unakugeuza kuwa mpiga gitaa la solo mwenye nyuzi nne.

Anayetaka kuhama, nashauri aanze na kichwa peke yake na abaki na boksi lake la zamani. Boksi la spika nane mara nyingi ni omu 4, kwa hiyo kichwa kidogo kitaliendesha bila wasiwasi, na hapo utajua kama ulichokuwa ukikipenda ni valvu au ni zile koni. Mkikubaliana na sikio lako, chukua boksi moja la inchi 12 la omu 8 kwa kumbi ndogo. La pili litafute baadaye, la modeli ile ile, kwa kuwa maboksi ya aina mbili hukinzana kwenye masafa mengine na ukapoteza ulichotaka kuongeza. Langu la pili nililipata likiwa limetumika, kitambaa cha mbele kimechanika. Nimeliweka chini ya lenzake na hakuna aliyewahi kuniuliza.